Nihamie mtaa gani Dar es Salaam?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mhasibu, na nimeishi Songea tangu kuzaliwa. Nimepata uhamisho wa kikazi kwenda Dar es Salaam, katika ofisi iliyopo Posta, katikati ya jiji, nami natakiwa kuripoti mwezi Novemba. Nina watoto wawili wanaosoma shule ya msingi. Dalali amenitumia picha za nyumba nzima iliyopo Chanika kwa shilingi 150,000 kwa mwezi, ila anataka nimtumie kodi ya mwaka mzima kabla sijasafiri. Kaka yangu ananishauri nitafute Kimara, ambako nyumba ya namna hiyo tumeambiwa ni 250,000, na shangazi anasisitiza Kigamboni kwa kuwa kuna upepo mzuri. Nimsikilize nani?
Mama wa Wawili, Songea

JIBU: Dada yetu, hongera kwa uhamisho. Jambo moja nalisema mapema: usimtumie dalali huyo hata shilingi moja kwa nyumba ambayo wewe au kaka yako hamjaingia ndani yake na kuonana na mwenye nyumba ana kwa ana.

Tukirudi kwenye swali lako, ningekuomba uchague barabara kwanza, ndipo uchague nyumba. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 5.3 katika mkoa huu, na wengi wao asubuhi huelekea Posta na Kariakoo kwa barabara chache zilezile: Morogoro, Bagamoyo, Nyerere na Kilwa. Chanika iko mbali, ng'ambo ya Pugu, kwa hiyo kila siku utapita Gongo la Mboto na uwanja wa ndege kabla hujaanza kuuona mji. Laki moja utakayookoa kwenye kodi ni fedha ya kweli, sikatai. Lakini ikiwa safari itakuongezea saa mbili tu kwa siku, kwa siku 22 za kazi umetumia saa 44 ndani ya daladala, na watoto wamekula chakula cha jioni bila wewe. Wakazi wa pembezoni wana desturi ya kugeuza na gari, yaani kulipanda likiwa bado linaelekea kituo cha mwisho ili wapate kiti cha kurudi nacho mjini, na desturi hiyo yenyewe inakueleza hali ilivyo.

Kimara ina faida moja kubwa kwa mtu wa Posta: mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza mwaka 2016, hutoka Kimara hadi Kivukoni, jirani na Posta, kwa njia yake yenyewe. Foleni ya kupanda huwa ndefu, na mvua kubwa ikinyesha bonde la Msimbazi hufurika pale Jangwani, barabara ikafungwa na safari zikasimama. Hata hivyo, kwa ofisi yako, mimi ningeanzia huko. Angalia tu usichanganywe na majina: Mbezi iliyo mbele ya Kimara ipo Barabara ya Morogoro, ilhali Mbezi Beach ipo upande wa Bagamoyo, na wapo madalali wanaofurahia mgeni akishindwa kuzitofautisha.

Shangazi hajakosea kuhusu upepo. Kigamboni ipo ng'ambo ya maji tu kutoka Kivukoni, na anayekaa karibu na kivuko anaweza kufika Posta mapema kuliko mtu wa Kimara, mradi pantoni zinafanya kazi vizuri siku hiyo. Zikipungua, kinachobaki ni kuzungukia Daraja la Nyerere, ambalo magari hulilipia. Ukienda ndani zaidi, Kibada kwa mfano, ongeza daladala ya kukufikisha kivukoni.

Kuhusu nyumba yenyewe, muulize mama wa genge la jirani, si dalali, kama maji huingia mtaani wakati wa masika, kisha tazama chini ya kuta kama kuna alama ya maji. Uliza kama mita ya umeme ya LUKU ni yako peke yako au mnachangia na wapangaji wengine, maana ugomvi mwingi wa nyumba za kupanga huanzia hapo. Onja maji pia, kwa sababu visima vingi vya Dar vina chumvi. Dalali kwa kawaida hudai kodi ya mwezi mmoja kama ujira wake. Mkubaliane kabla, na kodi umkabidhi mwenye nyumba kwa mkataba wa maandishi.

Kwa kuwa unaripoti Novemba na muhula wa shule unamalizika Desemba, ningependa uje kwanza peke yako, upange chumba kimoja kwa miezi mitatu hata kama kwa mwezi kitakugharimu zaidi kidogo, na watoto wabaki na ndugu Songea hadi wafunge shule. Katika wiki hizo mvua za vuli huwa zinanyesha, hivyo utaiona Jangwani kwa macho yako, utapanda pantoni mara mbili tatu asubuhi, na utapata muda wa kuulizia nafasi za shule kabla ya Januari.