Shokapu mpya lakini gari bado linagonga: kabla hujanunua kitu kingine

Mkuu, umeeleza kwamba baada ya kubadilisha shokapu za mbele gari limetulia kwenye lami, lakini ukiingia barabara ya vumbi ya Nzuguni hapa Dodoma linagonga, programu ya simu ya kupima sauti inasoma desibeli zilezile za mwanzo, na sasa fundi anataka kubadilisha mikono ya chini, yaani vyuma vinavyounganisha gurudumu na bodi kwa chini. Nisingempa hela bado.

Programu nyingi za simu hutoa wastani, tena kwa kipimo kinachopunguza sauti nzito ili kufuata sikio la binadamu, ilhali kugonga kwa shokapu ni mshtuko mfupi unaomezwa na ngurumo ya matairi. Mimi hurekodi sauti simu ikiwa palepale, vioo vimefungwa na feni imezimwa, nikipita kipande kilekile cha changarawe kwa kilomita 20 kwa saa, kisha nafungua rekodi kwenye programu inayochora mawimbi. Kila kishindo hujitokeza kama kilele, na vilele hivyo ndivyo vya kulinganisha kabla na baada ya matengenezo.

Halafu tumia matuta, ambayo Dodoma hatujanyimwa. Pita tuta lililonyooka magurudumu yote mawili yakipanda pamoja: hapo stabilaiza, chuma kinachounganisha upande wa kushoto na wa kulia, haijikunji, hivyo kama gari liko kimya lakini linagonga gurudumu moja likitumbukia shimoni, anza kushuku linki zake, yaani viungo vidogo vya kwenye ncha zake, ambazo ni rahisi kuliko mikono. Likigonga kote kuwili, fungua boneti, mwenzako alitikise gari huku umeweka kiganja juu ya mauntini ya shokapu, yaani kishikio chenye raba kinachoifunga kwenye bodi kwa juu. Ikiwa imelegea utausikia mshtuko mkononi.

Hata shokapu nzima ina kelele yake. Fimbo ya shokapu inapogeuza mwelekeo, vali hufunga na kufungua ghafla, shinikizo la mafuta hubadilika na fimbo hutetemeka. Mtetemo huo hupanda kwenye bodi kupitia raba ya mauntini. Raba ya zamani iliyokauka ikiachwa juu ya shokapu mpya, hupitisha karibu kila kitu, na asubuhi za baridi za Juni na Julai, mafuta yakiwa mazito, huzidi.

Kwa hiyo muulize fundi kama alibadilisha mauntini, kama shokapu aliisukuma na kuivuta kwa mkono ikiwa wima ili kutoa hewa kabla ya kuifunga, na kama nati ya juu ilikazwa kwa kiwango cha mtengenezaji. Boliti za bushi, zile raba za kwenye viungo, nazo hukazwa gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Zikikazwa likiwa juu ya jeki, raba hubaki imejisokota na huchanika mapema.