Kadi Mpya, Prosesa Kuukuu: Namna Nilivyojua Tatizo Liko Wapi

Nilipoitoa kadi ya michoro ya GTX 1050 Ti kwenye kompyuta yangu na kuweka RTX 2060 yenye nguvu zaidi, nilitarajia kwamba gemu ya Cyberpunk 2077 ingeenda laini popote pale. Nje ya mji ilikwenda hivyo. Lakini kila nilipoingia katikati ya mji, penye umati wa watu na magari, fremu, yaani picha zinazochorwa mfululizo, zilishuka hadi kati ya 35 na 45 kwa sekunde na picha ikawa inakwamakwama. Nilikuwa nimeamini kwamba nimeuziwa kadi mbovu, na nashukuru kwamba kabla ya kurudi dukani nilitenga jioni moja ya kupima.

Uhusiano wa prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, na kadi ya michoro unafanana na ule wa saidia fundi na fundi mwashi. Prosesa huamua kila mtu na kila gari liko wapi, hukokotoa migongano, kisha hukabidhi kadi maagizo ya kuchora. Ili upate fremu 60 kwa sekunde, kazi hiyo yote inapaswa kukamilika ndani ya milisekunde 16.7 hivi kwa kila fremu. Zege likichelewa, fundi hukaa na mwiko mkononi hata awe hodari kiasi gani.

Nilitumia programu ya MSI Afterburner, ambayo huonyesha takwimu juu ya skrini wakati unacheza. Nje ya mji kadi ilifanya kazi kwa asilimia 97. Katikati ya mji ilishuka hadi karibu 60, huku viini vyote vinne vya prosesa yangu, Core i5-6500, vikigusa asilimia 100. Hapo ushahidi ulikuwa wazi, lakini si kila mara huwa hivyo, na hili ndilo jambo linalowapotosha wengi: prosesa yenye nyuzi 12 (nyuzi ni mikondo ya kazi ambayo prosesa huendesha kwa wakati mmoja) inaweza kuonyesha matumizi madogo kwa jumla ilhali uzi mmoja unaobeba mzigo mkuu wa gemu umejaa kabisa, kwa kuwa uzi mmoja kati ya 12 ni kama asilimia 8 tu ya jumla. Kwa hiyo angalia matumizi ya kadi kwanza, kisha ya kila uzi peke yake. Hakikisha pia kwamba hujaweka kikomo cha fremu wala V-Sync (mpangilio unaolinganisha fremu na kasi ya skrini), kwa maana kadi iliyofungiwa kwenye fremu 60 itapumzika hata kama prosesa haina kosa lolote.

Jaribio lililonitoa shaka kabisa halikunigharimu hata senti. Nilishusha rezolusheni kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720, yaani kutoka pikseli milioni 2.07 hadi milioni 0.92 kwa kila fremu. Kama kadi ndiyo iliyokuwa imelemewa, fremu zingepanda sana, lakini zilibaki palepale. Ndiyo maana siamini vikokotoo vya mtandaoni vinavyokupa jibu moja tu, kwa asilimia, la jinsi prosesa fulani inavyoibana kadi fulani. Kompyuta yangu ileile, gemu ileile, ilikuwa na majibu mawili tofauti kutegemea mtaa niliosimama.

Hata baada ya hapo sikukimbilia kununua prosesa, na nakusihi nawe usikimbilie. Nilipofungua kasha nilikuta kijiti kimoja tu cha RAM cha GB 8, hivyo kumbukumbu ilikuwa ikipita kwenye njia moja badala ya mbili. Niliongeza kijiti cha pili cha aina ileile, na kukwamakwama kukapungua kwa kiasi nilichokiona kwa macho. Nilisafisha vumbi kwenye feni na kupaka upya pesti ya joto, kwa sababu prosesa inayochemka hujipunguzia kasi yenyewe. Ile i5 yangu ikishuka chini ya gigahezi 3.2 wakati ina kazi nyingi, nilijua joto limeizidi.

Ndipo nikatafuta prosesa, na hapa pana mtego. Ubao mama wangu, yaani ubao mkuu unaobeba vipande vyote, ni wa aina ya H110 wenye soketi (tundu la prosesa) ya LGA1151. Prosesa za Intel za kizazi cha nane nazo hutumia soketi yenye jina hilohilo, lakini hazifanyi kazi kwenye ubao huo. Atakayenunua Core i5-8400 kwa kuangalia jina la soketi atapoteza fedha zake. Core i7-7700 inafaa, ila BIOS (programu ya ubao mama inayoiwasha kompyuta) ya zamani huhitaji kusasishwa kwanza. Mimi nilichagua Core i7-6700 iliyotumika, yenye viini vinne lakini nyuzi nane, ambayo hupanda hadi gigahezi 4.0 na haikudai kubadilisha kitu kingine.

Sasa katikati ya mji kadi hufanya kazi kwa zaidi ya asilimia 85. Sehemu chache zenye msongamano mkubwa bado zinailemea prosesa, na huko nimepunguza wingi wa watu mitaani kwenye mipangilio ya gemu, huku ubora wa picha nikiuacha juu, kwa kuwa mzigo huo unabebwa na kadi ambayo bado ina nguvu ya ziada.