Honda C70 ya marehemu mzee: anza na kadi

Pole kwa kumpoteza mzee, ndugu yangu. Umeuliza kama pikipiki yake, Honda C70 iliyolala stoo miaka mingi, inafufuka: ndiyo, ila kabla ya kununua spea shughulikia kadi ya usajili: msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama ndiye aombe Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ibadili umiliki. Namba za chesisi na injini zilingane na kadi. Fundi rangi asizikwangue kabisa.

Usipige kiki bado. Toa plagi, dondoshea oili kidogo kwenye silinda, zungusha injini taratibu. Mwaga petroli ya zamani, safisha tangi na kabureta. C70 zipo za umeme wa volti 6 na za 12, hakikisha yako ni ipi kabla ya kununua betri. Matairi yaliyopasuka-pasuka tupa, hata kama kashata (meno ya tairi) zipo. Breki mpe fundi mzoefu. Bila bima, usiitoe barabarani.