Kinga ya makombora na silaha ya kuvunja setilaiti ni mtambo uleule

Wakuu, swali lililoletwa hapa ni hili: nchi ikijijengea kinga ya kudungua makombora ya adui, inamdhuru nani, na kwa nini kujikinga kuitwe kupeleka silaha anga za juu? Nalijibu kwa kirefu kwa sababu nimefanya kazi miaka mingi katika chumba cha kuongozea setilaiti za kupiga picha za dunia, na jambo hili nimelipokea mezani kwangu.

Kombora la nyuklia la masafa marefu huruka kama nusu saa. Injini zake huwaka dakika 3 hadi 5 tu za mwanzo. Baada ya hapo kichwa chake husafiri nje ya angahewa, na huko ndiko Marekani imepanga kukipiga kwa makombora yake 44 ya kudungua yaliyoko Fort Greely, Alaska, na Vandenberg, California. Hayabebi baruti, yanavunja kwa kugonga tu. Tatizo ni kwamba kusiko na hewa, puto jepesi na kichwa cha nyuklia huenda kwa kasi moja. Adui akimwaga maputo ya kudanganyia pamoja na kichwa, rada inabaki kukisia. Hata katika majaribio yaliyopangwa, mfumo huo umegonga shabaha mara zinazozidi nusu kidogo tu.

Setilaiti je? Haiwezi kujificha. Njia yake inajulikana siku kadhaa kabla, na inapita palepale tena na tena. Mtambo unaohangaika kukipata kichwa cha kombora unaipata setilaiti kwa urahisi zaidi. Februari 2008 Marekani ilichukua SM-3, kombora la kinga linalorushwa kutoka meli ya kivita, ikabadilisha programu yake, ikaivunja setilaiti yake mbovu USA-193 kwenye kimo cha kilomita 247 hivi. Machi 2019 India ilifanya kama hivyo kwa kombora lililotokana na mpango wake wa kinga. Kwa hiyo hoja ya kwamba kinga haimtishi mtu siikubali. Jirani akiona unajenga kinga, anaona pia setilaiti zake zimo shabahani.

Ila tuwe waadilifu kuhusu vifusi. Kichwa cha kombora kikigongwa, mabaki karibu yote huanguka muda mfupi baadaye, maana hakikuwa kwenye mzingo, yaani njia ya kuizunguka dunia bila kuanguka. Setilaiti ikivunjwa, kila kipande kinaendelea kuizunguka dunia. Vya USA-193 viliungua angani ndani ya miezi kwa sababu ilikuwa chini sana. Lakini Januari 2007 China iliivunja setilaiti yake Fengyun-1C kwenye kimo cha kilomita 860 na zaidi: vipande zaidi ya 3,000 vinavyoonekana kwa rada, na vingi bado viko huko. Novemba 2021 Urusi ikaivunja setilaiti yake Cosmos 1408, vipande zaidi ya 1,500, na wanaanga waliokuwa Kituo cha Kimataifa cha Anga, Warusi wakiwemo, wakakimbilia vyombo vyao vya kurudia duniani.

Sisi tulikuwa na setilaiti zisizohusika na vita ya mtu yeyote. Kazini unapokea onyo: kipande fulani kitapita karibu, saa fulani, umbali fulani, uwezekano wa kugongana kiasi fulani. Ukifika moja katika 10,000, wengi wetu tunahama. Kuhama kunakula mafuta ambayo hayajazwi tena, na mafuta yakiisha setilaiti imekwisha hata kama kamera ni nzima. Mpango wa picha unavurugika pia, na anayesubiri picha ya mafuriko anasubiri zaidi. Baada ya Novemba 2021 maonyo yalikuja kwa mafungu, kwa sababu wingu la vipande linapokutana na kundi la setilaiti zinazopita mkabala nalo, karibu kila moja inapata onyo lake. Na hayo ni ya vipande vinavyoonekana tu. Chini ya sentimita 10 hivi hupati onyo lolote, na kasi ya kukutana inaweza kufika kilomita 14 kwa sekunde. Hasira yangu iko hapo: aliyepiga alitangaza kufanikiwa, gharama tukabeba sisi.

Sheria zilizopo ni nyembamba. Mkataba wa Anga za Juu wa 1967 unakataza kuweka silaha za nyuklia kwenye mzingo, silaha za kawaida haukuzikataza. Mkataba wa 1972 uliobana kinga za makombora, Marekani ilijitoa 2002. Desemba 2022 nchi 155 kwenye Umoja wa Mataifa ziliunga mkono wito wa kuacha majaribio ya kuvunja setilaiti kwa makombora. China na Urusi zilipinga, India haikupigia kura upande wowote.

Na sasa Golden Dome, mpango wa kinga ya makombora uliotangazwa Marekani 2025, unataka vidunguzi (makombora ya kudungua) vikae kwenye mzingo ili vipige kombora injini zikiwa bado zinawaka. Kwa kuwa kila kidunguzi kinazunguka muda wote, kilicho karibu na kombora saa hiyo ni kimoja au viwili, vingine viko upande wa pili wa dunia. Jumuiya ya Fizikia ya Marekani ilikadiria 2003 kwamba vingehitajika elfu moja au zaidi. Vyote hivyo vitapita kwenye vimo tunavyotumia sisi, na adui mwenye akili ataanza vita kwa kuvivunja hivyo kwanza.