Mteremko si bei: kwa wanaoanza kuhesabu faida kwa mlinganyo wa mstari

Wewe unayeanza, ukishapewa y = mx + b na kuambiwa utaitumia kujua faida ya biashara, usikimbilie kukokotoa. Taja kwanza kwa maneno kila herufi inasimamia nini, na kipimo chake. Nimesahihisha kazi nyingi za wanaojifunza, nimekaa pia na daftari za wafanyabiashara, na makosa ninayokutana nayo ni nadra yawe ya kujumlisha na kutoa. Mtu anakuwa na namba mkononi bila kujua ni namba ya nini. (Vitabu vingine huandika c badala ya b. Ni kitu kilekile.)

Chukua biashara inayouza bidhaa moja. Bei ya kuuzia ni 50. Kila kipande kinamgharimu mwenyewe 30 kwa malighafi, vifungashio na usafiri. Halafu kuna pango na mishahara, 1,000 kwa mwezi, auze asiuze. Akiuza vipande x, faida ya mwezi ni y = 50x − 30x − 1,000, ambayo ukiifupisha inakuwa y = 20x − 1,000.

Ukiwauliza wengi mteremko, yaani ile m inayozidishwa na x, ni upi, wanajibu 50, kwa kuwa bei ndiyo inayoonekana. Mteremko ni 20: kile kinachobaki kila kipande kimoja zaidi kinapouzwa, kikishalipia gharama yake chenyewe. Ile −1,000 ndiyo b: pale mstari unapokata mhimili wa wima, yaani mwezi ambao hakikuuzwa kitu. Hapa ni hasi kwa sababu mwenye nyumba anadai pango lake hata kama mlango haukufunguliwa. Ukikuta mlinganyo wa faida ambao b yake ni chanya, uliza hiyo fedha imetoka wapi kabla ya kuuza hata kipande kimoja. Mara nyingi ni alama ya kutoa iliyosahaulika.

Faida ni sifuri pale 20x inapolingana na 1,000, na x inakuwa 50. Kipande cha 50 kinamaliza kulipia gharama za mwezi. Cha 51 ndicho kinacholeta 20 ya kwanza ya faida.

Sasa sikiliza hili, kwa sababu ndilo lililonifanya nipende mistari kuliko majedwali. Mwenye biashara anasema: tushushe bei kwa asilimia 10, wateja watakuja. Asilimia 10 inasikika ndogo. Bei inatoka 50 hadi 45, lakini gharama ya 30 haitikisiki, kwa hiyo mteremko unashuka kutoka 20 hadi 15. Bei imepungua kwa sehemu moja ya kumi, mteremko umepungua kwa robo nzima. Mlinganyo mpya ni y = 15x − 1,000. Kuvuka sifuri sasa kunataka vipande 67, maana 1,000 kugawa kwa 15 ni 66 na kitu, na hakuna anayeuza theluthi mbili za kipande. Kama alikuwa anauza 200 na kupata 3,000, itabidi auze 267 ili apate 3,000 ileile.

Hayo usimwambie kwa mdomo tu. Mchoree. Wakati mmoja nilimchorea mfanyabiashara mistari yake miwili kwenye karatasi ya miraba. Namba zake zilikuwa nyingine, picha ilikuwa hiihii. Mistari ilianzia nukta moja chini ya sifuri, ikazidi kuachana kadiri ilivyokwenda kulia. Aliweka kidole kwenye mstari wa juu, penye mauzo yake ya kawaida, akakisogeza mlalo hadi kikagusa ule wa chini. Kidole kilisafiri mbali. Akauliza hao wateja wa nyongeza atawatoa wapi. Punguzo lile lilihitaji swali hilo tangu mwanzo.

Kuna siku utapewa hesabu za miezi miwili tu bila mchanganuo wa gharama. Mwezi mmoja viliuzwa vipande 120, faida 1,400. Mwingine 200, faida 3,000. Gawanya tofauti ya faida, 1,600, kwa tofauti ya mauzo, 80. Unapata 20. Kisha rudisha kwenye mwezi mmojawapo: 1,400 kutoa 20 mara 120 ni −1,000. Ila nukta mbili zitakupa mstari siku zote, hata kama biashara yenyewe haiendi kwa mstari. Tafuta mwezi wa tatu. Kama viliuzwa 160, faida iwe karibu na 2,200. Ikiwa mbali, bei au gharama ilibadilika katikati.

Mlinganyo huohuo utakusaidia kupima ununuzi wa mashine. Tuseme mashine inashusha gharama ya kipande kwa 4 na kuongeza 800 kwenye gharama za mwezi: y = 24x − 1,800. Mstari huu unakutana na ule wa y = 20x − 1,000 kwenye vipande 200. Anayeuza 160 atapata 2,040 badala ya 2,200, kwa hiyo asubiri kwanza.

Nilishawahi kukosea vibaya kwa kuurefusha mstari. Takwimu zangu ziliishia vipande 220, nami nikatabiri faida ya vipande 400. Mauzo yalipopanda kweli, wafanyakazi waliokuwepo hawakutosha, ghala likajaa, likakodiwa la pili, na ile gharama niliyoiita ya kudumu ikaruka. Faida ilikuja chini sana ya nilivyoahidi, na mtu alikuwa ameshapanga matumizi kwa kuniamini. Tangu hapo, pembeni ya kila mlinganyo naandika mipaka ya x: kuanzia 0 hadi 220. Anayetaka kujua ya 400, naanza kwa kumuuliza kazi hiyo itafanywa na nani, na mzigo utakaa wapi.