Mita ngapi zinatosha? Maswali yenu kuhusu kuwinda kulungu kwa upinde wa mtambo

Barua nyingi za msimu huu zinazunguka jambo moja: nifyatue mshale mnyama akiwa umbali gani? Nimechagua chache, nami najibu kama ninavyowajibu wale ninaoketi nao juu ya dungu.

Upinde wangu, wenye kitako na kifyatulio kama bunduki, unapanga mishale mitatu ndani ya kiganja kwa mita 60. Kwa nini mnatuambia tusimpige kulungu kwa umbali huo?

Kwa sababu ubao wa mazoezi hausikii, na kulungu anasikia. Ugwe ukiachia, upinde wa mtambo hutoa mlio mkali, na sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Mshale wako, tuseme, unakwenda mita 100 kwa sekunde. Kwa hiyo mlio unamfikia kwanza. Akishtuka hutaka kukurupuka, na hawezi kukurupuka bila kukunja miguu. Kifua kizima kinashuka ghafla, kama vile ardhi imemtoka chini ya kwato.

Tupige hesabu. Mpe sehemu ya kumi ya sekunde ya kushtuka, kisha umwache ashuke kwa uzito wake mwenyewe. Kwa mita 20, mshale unamkuta hajashuka hata sentimita moja. Kwa mita 40 anaweza kuwa ameshuka kama sentimita 16. Kwa mita 60 anapata muda wa kushuka nusu mita. Mshale ulioulenga moyo unapita juu ya mgongo, na huo ndio unafuu, kwani vibaya zaidi ni ule unaozama kwenye nyama ya mgongo naye akakimbia nao.

Wengine huniambia watanunua upinde wenye kasi zaidi. Sawa, chukua wa mita 120 kwa sekunde. Kwa mita 60 bado anao muda wa kushuka sentimita 25 hivi. Hiyo kasi haijakununulia mita nyingi kama muuzaji alivyokuahidi.

Basi tutajie umbali wenyewe.

Kwa wengi wetu ni mita 30. Mwenye mazoezi ya kutosha, mbele ya mnyama aliyetulia anayekula bila wasiwasi, naweza kumkubalia 40. Zaidi ya hapo sipigi, na simshauri mtu apige.

Lakini 30 yako inabidi uipate mwenyewe. Sehemu ya moyo na mapafu ya kulungu wa kawaida ina upana wa kama sentimita 20, yaani sahani ya kulia chakula. Ning'iniza sahani ya karatasi. Tumia chembe cha mshale chenye makali utakachowindia, kwa kuwa hakiruki sawa na kile butu cha mazoezi. Keti utakavyoketi porini, ukiwa na koti zito na glavu. Kisha hesabu mshale wa kwanza wa siku tu. Ule wa tano hauna maana hapa, maana mwili umeshapata joto na mkono umeshazoea, na kulungu hatakusubiri upige minne ya majaribio. Panda ngazi mbio, shuka, kaa, piga mmoja, nenda zako. Rudia kesho. Umbali ambao mshale huo wa kwanza haujatoka nje ya sahani kwa wiki kadhaa ndio wako. Ukitoka mara moja, sogea mita 5 mbele uanze upya.

Upepo, mwanga wa alfajiri na mapigo ya moyo vitakuja kukupunguzia tena. Ukiona darubini ya upinde wako inacheza juu ya ubavu wa mnyama, umbali wako wa dakika hiyo umeshapungua, hata kama wa jana ulikuwa 35.

Nina jicho zuri la kukadiria. Kipima-umbali cha leza kina faida gani?

Mshale unaanguka njia nzima. Kwa kasi ile ya mita 100, ukidhani mnyama yuko mita 20 kumbe yuko 25, utapiga chini kwa sentimita 6, na bado umo ndani ya sahani. Ukidhani ni 40 kumbe ni 45, utapiga chini kwa sentimita 11, na umeshatoka. Kosa ni lilelile la mita 5. Bondeni, au ng'ambo ya uwanda mtupu, nimeona watu wenye macho mazuri wakikosea mita 10. Ukifika kwenye kificho chako, pima kisiki, jiwe na mti uliopinda kabla mnyama hajatokea, ili akija uwe unajua tayari.

Yuko mita 20 tu, lakini ananitazama.

Usipige. Mbele ya kifua kuna mifupa, njia ya kufikia mapafu yote mawili ni finyu, na mnyama mwenyewe ameshajikaza kukimbia. Subiri akupe ubavu, au ageukie upande wa pili kidogo huku mguu wa mbele ulio upande wako ukiwa umetangulia. Akiondoka bila kugeuka, mwache aende.

Nikiwa juu ya dungu, nipime umbali hadi kwa mnyama au hadi chini ya mti?

Unaohitajika ni umbali wa ardhini, kutoka shina la mti wako hadi kwenye kwato zake. Vipima-umbali vingi vya sasa hukupa moja kwa moja. Ila akiwa karibu sana chini yako, mshale unaingia kwa kusimama na unaweza kupata pafu moja tu. Mwache asogee.

Nimealikwa Uingereza. Nibebe upinde wangu?

Hapana. Huko sheria ya mwaka 1981 inakataza kuua mnyamapori kwa upinde, uwe wa mkono au wa mtambo. Marekani kila jimbo lina kanuni zake. Zisome kabla ya kufunga mizigo.

Wewe umewahi kumpoteza mnyama uliyempiga?

Ndiyo. Alikuwa jike, mita 45, kichwa juu, masikio yameelekea kwangu. Nilijua ameshituka na nikafyatua. Nilimwona akishuka kabla mshale haujafika. Pale aliposimama nilikuta kishungi cha nywele ndefu za kahawia, za mgongoni, zilizokatwa sawasawa kama kwa wembe. Damu ya mapafu huwa ya waridi na yenye povu, na ukiiona unangoja nusu saa kisha unafuata. Hii ilikuwa nyekundu tupu, tone moja la ukubwa wa kucha juu ya jani, hatua nane mbele tone jingine, kisha matone matatu kwenye gogo aliloliruka. Niliweka vipande vya karatasi nyeupe kwenye kila tone ili nikigeuka nione mstari anakoelekea. Mstari ulifika ukingoni mwa kijito, ukaishia hapo. Nilizunguka hadi giza. Asubuhi nilirudi na rafiki, tukapita kingo zote mbili hadi saa sita mchana. Karatasi zangu zilikuwa bado zimenata kwenye majani, zimelowa umande.