Maswali ya Wasomaji: Pikapu Inayogonga Ikipanda Kibosho

SWALI: Nina pikapu aina ya Toyota Hilux yenye injini ya dizeli ya 5L, ambayo hubeba ndizi kutoka Kibosho hadi soko la Mbuyuni mjini Moshi. Kwa majuma matatu sasa injini inagonga pigo moja linalojirudia, kama mtu anayepiga karai kwa nyundo. Asubuhi kelele huwa kubwa, na hurudi kila ninapokanyaga mafuta kupanda mlima na mzigo, lakini nikiteremka bila kukanyaga mafuta haisikiki kabisa. Taa ya oili haiwaki. Fundi wa kwanza amesema ni tapeti, wa pili amesema konrodi imekwisha na injini ishushwe, na wa tatu anadai dizeli yangu imechakachuliwa. Nimwamini yupi? (Msomaji, Kibosho)

JIBU: Ndugu msomaji, kwa sasa usimwamini yeyote kati yao. Sisemi kwamba hawajui kazi, ila kwa maelezo yako hakuna aliyepima silinda moja moja kabla ya kutoa hukumu. Kelele ya asubuhi tuiweke kando, kwa kuwa injini ya dizeli ikiwa baridi huchelewa kuwasha mafuta na hugonga hata ikiwa nzima. Anayeamka Kibosho mwezi wa Julai anaijua sauti hiyo. Kilicho muhimu ni kwamba mlio huja pale dizeli inapoingia kwa wingi na hutoweka pale pampu inapokata mafuta kwenye mteremko. Tapeti, yaani kifaa kinachosukuma vali, haina tabia hiyo. Tapeti iliyolegea hulia juu ya injini, chini ya kifuniko cha vali, mlio mwepesi wa tiki-tiki, nayo hulia gari likiwa na mzigo au halina. Dizeli iliyochakachuliwa nayo ingeingia silinda zote nne, hivyo injini nzima ingekuwa na ukali, wala kusingekuwa na pigo moja la peke yake.

Zimebaki nozeli, inayonyunyizia silinda dizeli, na konrodi, mkono unaounganisha pistoni na krankshafti, na tofauti ya gharama kati ya hizo mbili ni kubwa mno kuamuliwa kwa kusikiliza tu.

Pima kwanza oili kwa kijiti chake, kisha uache injini ipate moto na ibaki sailensa, yaani iungurume taratibu bila kukanyagiwa mafuta. Mwambie fundi achukue spana, azungushie kitambaa nati ya bomba la dizeli linaloingia kwenye nozeli ya silinda ya kwanza, kisha ailegeze kidogo kidogo mpaka dizeli ianze kuvuja. Silinda hiyo itakosa mafuta na injini itaanza kutetemeka, hilo lisikutishe. Wewe sikiliza kugonga tu. Kama kunaendelea vilevile, akaze nati na kuhamia silinda ya pili, halafu ya tatu na ya nne. Silinda ambayo ikikatiwa mafuta pigo linatoweka au kupungua sana ndiyo yenye ugonjwa.

Hapa ndipo mafundi wengi hukimbilia kushusha injini, na hapa ndipo wanapokosea, kwa sababu beringi ya konrodi iliyolika nayo hunyamaza silinda yake inapokosa mlipuko. Kipimo hicho kinakuonyesha silinda mbovu bila kukuambia kilichoharibika ndani yake. Kwa hiyo zima injini, fungua nozeli ya silinda hiyo, uibadilishane na ya jirani yake, weka washa mpya (pete ya kuziba chini ya nozeli), kisha liwashe gari na urudie kipimo. Mlio ukihamia silinda ya jirani, nozeli ndiyo mbovu, nayo hupelekwa kwa fundi wa pampu akaipime shinikizo na namna inavyonyunyiza. Mlio ukibaki pale pale, mwaga oili kwenye karai safi na uitazame juani. Ukiona chenga zinazometa kama fedha au shaba, usiendeshe gari hata kulifikisha gereji. Livutwe, sampu (bakuli la oili chini ya injini) ifunguliwe na beringi zikaguliwe kabla injini haijanoki, yaani haijafa kabisa. Usitegemee sumaku katika ukaguzi huo, kwa kuwa tabaka linalolika la beringi hizo halinaswi na sumaku.

Nawaonya wasomaji wenye pikapu za dizeli za kisasa, ambazo nozeli zake huendeshwa kwa umeme, wasijaribu kabisa kulegeza nati hizo injini ikiwa inawaka. Shinikizo la mafuta humo huweza kuzidi mara elfu moja lile la hewa tunayovuta, na mchirizi mwembamba wa dizeli hupenya ngozi ya mkono na kuingia mwilini. Injini yako ya 5L ina pampu ya zamani, lakini hata hivyo fundi asiweke kidole mbele ya nati inayovuja.

SWALI: Pikapu yangu ya petroli hukereketa kama sarafu ndani ya kopo, lakini kwenye mwendo fulani tu, nikiongeza au nikipunguza mafuta, mlio unapotea. Je, nirekebishe tapeti? (Msomaji, Sakina, Arusha)

JIBU: Hapana. Mimi mwenyewe niliwahi kulipia kazi hiyo mara mbili kwenye gereji moja hapo Arusha, na mlio ukabaki. Subiri gari lipoe, kisha gonga kwa ngumi bati la kukinga joto lililofunikwa juu ya ekzosi, kuanzia kwenye injini hadi nyuma. Yaelekea utakuta skrubu moja imeliwa na kutu na bati linacheza. La kwangu nililibana kwa klipu ndefu ya hosi, na bado iko pale pale.